Akutukanaye Hukuchagulia Tusi: Historia Fupi ya Matusi ya Kijinsia

Wahenga wametuachia methali isemayo kuwa akutukanaye hakuchagulii tusi. Maana yake inaeleweka. Mtu akishapandwa na hasira hana muda wa kupembua maneno. Hurusha lolote lililo karibu na ulimi wake, na wewe uliyetukanwa usitegemee kuhurumiwa. Nawaheshimu wahenga, lakini katika makala hii nakusudia kubishana nao kidogo. Nitajaribu kuonyesha, kwa kutumia historia ya hapa kwetu Afrika Mashariki, kwamba akutukanaye hukuchagulia tusi, tena hulichagua kwa makini, hata kama mwenyewe hajui kuwa anachagua. Na ghala analochagulia hakulijaza yeye. Lilijazwa na jamii, kidogo kidogo, kwa miaka mingi.

Swali linaloniongoza ni hili: je, kuna wakati ambapo ni halali kumtukana mtu kwa tusi linalotokana na jinsia yake? Nimelisikia likijadiliwa semina na vibarazani, na majibu ninayokutana nayo ni ya aina tatu. Wapo wasemao kuwa tusi ni tusi tu, halina jinsia, na anayelalamika ana ngozi nyepesi. Wapo wasemao kuwa mtunzi lazima awe huru, na ukimnyang'anya matusi umemnyang'anya nusu ya maisha ya watu anaowaandika. Na wapo wasemao kuwa mnyonge aachiwe tusi lake, maana mara nyingi hana silaha nyingine. Hoja hizi si za kupuuzwa. Nitazipitia moja baada ya nyingine.

LUGHA ISIYO NA JINSIA

Tuanze na lugha yenyewe. Kiswahili, tofauti na Kiarabu au Kifaransa, hakimbagui mwanamke na mwanamume katika sarufi. "Yeye" ni yeye. "Amekuja" anaweza kuwa Asha, anaweza kuwa Juma. Ngeli ya M-WA humpokea mke kwa mume, mfalme kwa mtwana, bila kuuliza swali. Tumezoea kujivunia jambo hili, na tuna haki ya kujivunia.

Lakini hebu msomaji pitia matusi tuliyo nayo. Hapo usawa wa ngeli unaishia mlangoni. Mwanamke anayedhaniwa kuwa na wapenzi wengi ni malaya, kahaba, hawara, kimada, changudoa. Hili la mwisho lilikuwa jina la samaki, maskini wa Mungu, kabla halijapandishwa nchi kavu na kubandikwa wanawake wa mjini. Mwanamume mwenye wapenzi wengi je? Huyo ni kidume, ni jogoo. Akilaumiwa sana ataitwa mhuni, na mara nyingi atakayemwita hivyo ni rafiki yake, tena huku wanacheka wote wawili. Hata neno "malaya" likielekezwa kwa mwanamume huja na kicheko. Likielekezwa kwa mwanamke huja na kofi.

Mwanamume anapotukanwa kwa jinsia yake hasa, huambiwa nini? Huambiwa kuwa ni mwanamke. "Una roho ya kike." "Kavae kanga." Kwa hiyo mwanamke hutukanwa kwa kuwa mwanamke asiyetulia, na mwanamume hutukanwa kwa kufananishwa na mwanamke aliyetulia. Mwanamke jasiri naye hana pa kwenda, maana ataitwa jike dume. Geuza shilingi upande wowote utakao, anayeangukiwa ni yuleyule.

Tuchukue mfano wa kila siku. Mwanamke na mwanamume wanagombania kiti ndani ya daladala. Ugomvi ni wa kiti. Lakini baada ya maneno mawili matatu kiti kimesahaulika, mwanamke kaitwa malaya. Hivi umalaya umeingiaje kwenye kiti? Mwanamume yuleyule angegombana na mwanamume mwenzake angemwita mshamba, mjinga, mbwa. Na akitaka kumwumiza zaidi angemtukania mama yake. Tazama hapo. Wanaume wawili wanagombana, na anayetukanwa ni mwanamke ambaye hata hajapanda basi lile. Sasa mtu aniambie tena kuwa akutukanaye hachagui.

Kwa hiyo hoja ya kwanza, ile ya kwamba tusi halina jinsia, haisimami. Jinsia ambayo sarufi yetu imeikataa tumeihamishia kwenye matusi.

KUTOKA JINA LA KAZI HADI RUNGU

Neno "malaya" lina historia, na historia yenyewe inatufundisha. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 1990 kuhusu ukahaba katika Nairobi ya kikoloni, ameeleza jinsi wanawake wenyewe walivyozitofautisha namna za kazi yao. Watembezi walizunguka mitaani kutafuta wanaume. Wazi-wazi, waliojitokeza katika miaka ya 1930, walikaa mlangoni na kutaja bei hadharani. Malaya alikuwa tofauti na hao wote. Yeye alikaa ndani ya chumba chake akasubiri mwanamume aje; akimkaribisha humpa chai, maji ya kuoga, chakula na mahali pa kulala. Hakupiga kelele, na majirani aliwawekea heshima.

Tukiacha uchumi tutawalaumu watu bure. Wakoloni walitaka nguvu za mwanamume mjini, hawakutaka familia yake. Mshahara ulipangwa kwa mtu mmoja, na kitanda pia. Mke na watoto walitakiwa wabaki kijijini walime, ili bwana mkubwa asilipe gharama ya kuwalisha. Matokeo yake mji ukajaa wanaume wasio na wa kuwapikia, na wanawake wachache waliokuja mjini wakauza kile ambacho mfumo ule ulikataa kukigharimia. Baadhi yao waliweka akiba. Huko Pumwani, mtaa wa Waafrika ulioanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, wanawake hao walijenga nyumba, wakawa na wapangaji, na wakachagua wenyewe nani awarithi. Wengi walisilimu, wakajipatia jamaa wapya mjini.

Sisemi kuwa kazi ile ilikuwa ya kifahari, wala sisemi kuwa neno lile halikuwa na aibu. Nasema tu kwamba katika vinywa vya wanawake wale "malaya" lilikuwa na maana yenye mipaka. Lilimtaja mtu fulani anayefanya kazi fulani kwa namna fulani. Leo halitaji kazi yoyote. Anaitwa malaya mwanamke aliyekataa kusalimiana na mwanamume njiani, na anaitwa malaya aliyekubali. Anaitwa hivyo aliyepandishwa cheo, aliyepanga chumba peke yake, aliyeachika, aliyevaa suruali, aliyeshinda ubishi. Ukiwapanga wanawake hao wote kwenye mstari mmoja na kutafuta wanachofanana, hutakuta tendo la kujamiiana. Utakuta kwamba kila mmoja ameonekana akijiamulia jambo. Kosa lenyewe ndilo hilo. Kinachotukanwa ni uhuru, umalaya ni kisingizio.

Rungu hili lilipigwa hadharani mwaka 1968. Mwezi Oktoba mwaka huo Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio la kupiga vita sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na dawa za kujichubua, kwa madai ya kulinda utamaduni wa taifa. Operesheni Vijana, kama ilivyoitwa, ilikuwa ianze rasmi tarehe 1 Januari 1969. Lakini wapi, vijana hawakusubiri. Mwezi huohuo wa Oktoba wanawake walivamiwa Kariakoo, Dar es Salaam, wengine wakiwa katika safari zao za kawaida za basi. Magazeti yakajaa barua za wanaounga mkono na wanaopinga. Kwenye karatasi azimio liliwahusu wanaume pia, maana suruali za kubana zilikuwa zao. Mitaani mikono iliwaangukia zaidi wanawake.

Mkono haukutangulia pale, neno lilitangulia. Mwanamke mwenye sketi fupi alikwisha kuitwa malaya midomoni mwa watu, na mtu aliyekwisha kuitwa hivyo anaonekana kama mali ya kila mtu, wa kushikwa, kuvutwa na kuchaniwa nguo. Hatukuliacha jambo hili miaka ya 1960. Mwezi Novemba 2014 wanawake wa Nairobi waliandamana baada ya mwanamke mwenzao kuvuliwa nguo na kundi la wanaume kituoni, eti kwa sababu ya alivyovaa. Ni miaka 46 imepita kati ya Kariakoo na kituo kile, na sababu iliyotolewa ni ileile.

UBAO WA MLIMANI

Sasa niingie nyumbani, kwenye uwanja wetu sisi wa fasihi. Waliosoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya 1980 wanaijua Punch, ambayo wengine waliiita Mzee Punch. Ilikuwa fasihi ya ukutani: picha na maandishi yaliyobandikwa bila jina la mtunzi, na asubuhi watu wakakusanyika kusoma. Watetezi wake walikuwa na hoja zao. Walisema kuwa ni sauti ya wanafunzi, kwamba inawakosoa wakubwa, kwamba inamrekebisha aliyejisahau, na kwamba chuo bila utani si chuo.

Nataka kuichukua hoja hiyo kwa uzito wake, kwa sababu ndiyo hoja ya pili niliyoitaja mwanzoni, hoja ya uhuru wa mtunzi. Tuiweke Punch mezani kama tunavyoweka shairi au tamthiliya. Fani yake? Katuni, chuku, dhihaka, kejeli. Hadhira yake? Jumuiya nzima ya chuo. Maudhui yake? Hapo ndipo pagumu. Mwanamke alipofikiwa na Punch, mada ilikuwa mwili wake na anayedaiwa kulala naye. Na adhabu haikuishia ukutani. Aliyebandikwa alitengwa, na aliyethubutu kumkaribia alijiweka katika hatari ya kubandikwa yeye pia.

Mwezi Februari 1990 mwanafunzi wa kike wa mwaka wa kwanza alijiua baada ya kusumbuliwa na wanafunzi wa kiume na kutishwa kwa Punch. Jina lake limeandikwa mara nyingi magazetini na vitabuni. Sitalirudia hapa, kwa sababu mtu aliyeteswa kwa tishio la kuandikwa anastahili kuachwa apumzike, asigeuzwe mfano wa kila mwandishi. Kifo chake kilizusha hasira kubwa nje na ndani ya chuo. Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, TAMWA, kilichokuwa kimeanzishwa mwaka 1987, kilikuwa mstari wa mbele kulipigia kelele suala hili, na Punch ikapigwa marufuku.

Je, Punch ilikuwa fasihi? Mimi nasema kuwa ilitumia mbinu za fasihi, kama vile mwizi anavyotumia ngazi ya fundi. Dhihaka katika jadi yetu ina miiko yake. Chukua malumbano ya washairi wa pwani. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu na mwaka 1840, alitumia beti zake kuwachokoza na kuwajibu maadui wa mji wake. Mashairi ya kujibizana yalikuwa makali kweli kweli. Lakini mtunzi alijulikana. Aliyerushiwa ubeti aliweza kurudisha ubeti, kwa vina na mizani, mbele ya hadhira ileile. Ushindani ulikuwa wa akili. Kwenye Punch mtunzi alijificha, na aliyetukanwa hakuwa na wa kumjibu. Utamjibuje ukuta? Mtu aliyenyimwa nafasi ya kujibu hajaingia kwenye malumbano, amefungwa kwenye mti.

Kuna na jambo jingine ambalo sisi wahakiki hatujalitafakari vya kutosha. Mwaka 1971 Euphrase Kezilahabi alichapisha Rosa Mistika. Humo tunamwona msichana aliyelelewa kwa bakora na baba mlevi, akapigwa kwa sababu ya barua ya mvulana, na baadaye akaharibikiwa katika dunia ambayo hakufundishwa kuielewa. Wanaume wanaomtumia ndio haohao wanaomhukumu, na mwisho Rosa anajiua. Riwaya ile ilipigwa vita kuwa ni chafu, na kwa muda ikazuiwa isifike mikononi mwa wanafunzi. Haya, sasa linganisha. Kitabu chenye jina la mwandishi, kinachomwuliza msomaji nani hasa alimwua Rosa, kilizuiwa. Karatasi isiyo na jina, inayomfanyia msichana halisi yale ambayo riwaya iliyalaani, iliachwa ukutani mpaka msichana akafa. Kama kuna aibu katika historia ya uhakiki wetu, ni hiyo. Tulikagua maneno machafu tukasahau kukagua matendo machafu.

Kwa hiyo hoja ya uhuru wa mtunzi naikubali, ila kwa mtunzi. Mwandishi akimtia mhusika wake tusi la kijinsia kinywani, hajatukana; ameonyesha mtu anayetukana, na msomaji ana nafasi ya kumpima. Riwaya ya mjini ambayo wanaume wake wote wanaongea kama mashehe haitatwambia ukweli. Kipimo changu ni rahisi: baada ya kusoma, nimemfahamu nani zaidi? Kama nimemfahamu zaidi mtukanaji na jamii iliyomlea, tusi limefanya kazi ya fasihi. Kama nimeachwa nikimcheka aliyetukanwa, basi mwandishi naye amesogea ukutani na gundi yake.

MNYONGE NA TUSI LAKE

Imebaki hoja ya tatu, na hii ndiyo ngumu kuliko zote. Je, mnyonge akitumia tusi la kijinsia kumtikisa mwenye nguvu?

Mfano mkubwa ninaoujua ni wa tarehe 16 Machi 1922, Nairobi. Harry Thuku alikuwa amekamatwa kwa kupinga kodi, kipande na kazi ya kulazimishwa, na umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi kumdai. Wazee waliokwenda kuzungumza na serikali walirudi wakawaomba watu watawanyike. Inaelezwa kuwa hapo mwanamke mmoja, Mary Muthoni Nyanjiru, alijitokeza, akainua nguo yake, akawaambia wanaume wachukue gauni lake wampe yeye suruali zao, kwa kuwa wao ni waoga. Wanawake wakapiga vigelegele, umati ukasogea mbele kuelekea kwenye mitutu ya bunduki. Polisi wakafyatua. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuuawa. Waliokufa siku ile walizidi 20, na wapo waliosema kuwa idadi halisi ilikuwa kubwa zaidi.

Sasa jamani, mtu atasimama leo na kumwambia Nyanjiru kuwa alikosea kutumia tusi la kijinsia? Mimi siwezi. Lakini siwezi pia kulipita tukio lile bila kulichambua, maana ndani yake mna mambo mawili, na mara nyingi tunayachanganya. La kwanza ni kuinua nguo. Katika jadi ya Wagikuyu, mwanamke kujifunua namna ile ni laana nzito, na nguvu ya laana inatokana na heshima ya mwili wa mama, mwili uliokuzaa. Hilo halimdharau mwanamke hata kidogo; linamtisha anayemdharau. La pili ni maneno ya kubadilishana gauni na suruali. Haya yanachoma kwa sababu moja tu, kwamba kuwa mwanamke ni kuwa chini. Nyanjiru aliazima silaha kutoka ghala lilelile linalomtukana yeye mwenyewe. Aliitumia vizuri, akalipa kwa roho yake. Ila silaha ya kuazima hurudi kwa mwenyewe.

Tunaona ilivyorudi. Mwaka 1989 Wangari Maathai alipopinga ujenzi wa jengo la ghorofa 60 katika Uhuru Park, hawakumjibu kwa hoja ya bustani wala ya fedha. Wabunge walilitupia vijembe kundi lake kuwa ni la wanawake walioachika, naye akakumbushwa kwamba mwanamke wa Kiafrika huwaheshimu wanaume na kunyamaza. Ni kile kiti cha daladala tena: ugomvi ulikuwa wa ardhi ya umma, mara talaka yake imeingia. Wangari hakuwarudishia tusi la aina hiyo. Aliwaambia kuwa mjadala ule unahitaji kiungo kilicho juu ya shingo. Jengo halikujengwa, na bustani ipo hadi leo.

Kuna watakaoniuliza kuhusu mipasho. Katika miaka ya 1990 Dar es Salaam ilitikiswa na ushindani wa Muungano na TOT, Nasma Khamis upande huu na Khadija Kopa upande ule, na wanawake ndio waliojaza kumbi. Wanasema: mbona wao wanatukanana na kufurahi? Kwanza, mpasho ulio bora ni fumbo. Haukutaji jina. Anayeinuka kwenda kumtunza mwimbaji ndiye anayeuchukua wimbo na kumwelekezea amtakaye, na hasimu wake naye atasubiri wimbo wake. Hiyo ni karibu na malumbano ya Muyaka kuliko ukuta wa Mlimani. Pili, pale mpasho unapoacha fumbo na kumsuta mwanamke kwa utasa, kwa kuachika au kwa "kutembea", sioni sababu ya kuusamehe kwa kuwa aliyeuimba ni mwanamke. Utasa haujawahi kuwa kosa. Mwanamke anayemcheka tasa analitunza ghala ambalo kesho litafunguliwa kwa ajili yake.

Na katika ulingo huohuo wa taarabu tunaye wa kutufundisha. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880, mtoto wa watu wa ukoo wa utumwa, akafinyanga na kuuza vyungu kabla ya kuingia mjini na sauti yake. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, jambo ambalo hakuna mwanamke wa Afrika Mashariki aliyekuwa amelifanya kabla yake. Mahasimu wake walimtungia wimbo wa kumsimanga kwa asili yake, mavazi yake ya kimaskini na sura yake. Kwa mwimbaji mwanamke hakuna tusi lililochaguliwa kwa makini kuliko la sura. Angeweza kujibu kwa kuwasimanga wao, na mjini Unguja siri zilikuwa hazikosekani. Yeye alijibu kwa wimbo uliosema kwamba thamani ya mtu haimo katika uzuri wala ukoo, imo katika akili. Alikataa mchezo wao bila kukaa kimya. Shaaban Robert alimwandikia wasifu. TAMWA walipoanzisha jarida lao mwaka 1988 waliliita Sauti ya Siti. Waliomsimanga, nani anawakumbuka?

HITIMISHO

Nimefika mahali pa kujibu swali nililolileta. Kwa maoni yangu, kutukana kwa tusi la kijinsia si halali, hata pale mtukanwa anapostahili kulaumiwa. Sababu yangu haihusu adabu ya mezani. Ni kwamba tusi la aina hii halimpigi uliyemkusudia peke yake. Ukimwita waziri mla rushwa wa kike malaya, rushwa yake umeiacha salama na umewapiga wanawake wote wasiokula rushwa. Ukimwambia mwanasiasa mwoga kuwa ni mwanamke, umemtukana mama yako kwa kosa la mtu mwingine. Kama ni mwizi mwite mwizi. Kama ni mwoga mwite mwoga. Kiswahili hakijafilisika kiasi hicho.

Sheria nayo imeshasogea. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya Tanzania ya mwaka 1998 inatambua kuwa mtu anaweza kusumbuliwa kijinsia kwa maneno, si kwa vitendo tu. Hata hivyo sheria haiwezi kuingia ndani ya kila daladala, wala sitamani iingie ndani ya kila riwaya. Kazi iliyobaki ni yetu sisi tunaotunga na kuhakiki: kuonyesha tusi linavyofanya kazi bila kulifanyia kazi. Na kwa akina Nyanjiru, ambao siku moja hawana kitu mkononi ila neno hilo na mbele yao kuna bunduki, mimi nitavua kofia. Lakini sitaichukua siku yao nikaigeuza kanuni ya siku zangu. Nyanjiru alisema alichosema mbele ya watu wote, uso wake ukionekana, kisha akatangulia yeye kwenda kule alikowaita wengine. Wengi wetu tunatukana tukiwa tumekaa.

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, walisema wahenga, na hapa sina ubishi nao. Najua si wote mtakaokubaliana nami, hasa kuhusu mipasho na kuhusu Punch, ambayo bado ina wanaoikumbuka kwa mapenzi. Karibuni ulingoni. Naomba jambo moja tu: mnijibu kwa majina yenu.